Huyu Arthur Guinness ni nani? Swali la mzee wa Ruangwa lililonipeleka mbali

Leo naomba tuweke siasa pembeni kidogo maana nimechoka nazo, na nyie najua mmechoka. Nataka kuwamegea kisa cha mzee mmoja wa Ulaya aliyefariki zaidi ya miaka 200 iliyopita, lakini jina lake mmeliona wengi wenu, tena kwenye chupa. Wasiokunywa msikimbie, kisa hiki si cha walevi. Mtaona mbele ya safari.

Ilikuwa hivi. Nilitoka Nachingwea kwenda Ruangwa kuangalia mpira, Namungo walikuwa nyumbani. Mechi ikaisha, magari yakawa yamejaa, nikaona nisubiri kwenye baa moja ya jirani kuliko kusimama barabarani kama mlingoti. Nikakaa meza moja na mzee wa makamo ya babu yangu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mjukuu wangu, tukaanza kuongea habari za korosho na za mpira. Mhudumu alipokuja, bia niliyoizoea ilikuwa imeisha. Zilizobaki zilikuwa za moto, isipokuwa chupa chache za Guinness. Nikasema haya, leo na tujaribu.

Jamani, mimi ile bia nilikuwa naiogopa tangu zamani. Kuna wanaosema inaongeza damu, kuna wanaosema inaongeza nguvu za kiume, kuna wanaosema ni ya wanaume wenye vifua vipana kama kwenye yale matangazo yake. Mimi kifua changu mnakijua. Nikaimimina kwenye glasi. Nyeusi tii, povu lake rangi ya maziwa yenye chai. Nilipoiinua kuelekea kwenye taa nikaona si nyeusi kabisa, kwa pembeni inaonyesha wekundu wa mbali kama maji ya ukwaju yaliyokolea. Nikapiga funda la kwanza. Uchungu! Halafu ule uchungu ukageuka, ukaja na ladha ya kahawa ya kibarazani, ile inayouzwa na kashata, na nyuma yake kitu kama ukoko wa ugali uliokaribia kuungua. Funda la pili nikasikia korosho zilizokaangwa zikapitiliza moto. La tatu nikaanza kuielewa.

Mzee akaichukua ile chupa akaisogeza karibu na macho. Anasoma vizuri tu, ila polepole. Akaona sahihi ya mkono kwenye karatasi ya chupa. Akaniuliza huyu mtu aliyetia sahihi hapa ni nani, na kwa nini atie sahihi kwenye chupa ya pombe kama vile anaandika hati ya shamba. Nikabaki naangaa. Nimesoma, natumia intaneti kila siku, napiga domo kwenye blogu hii, lakini swali la mzee likanishinda. Nikamwahidi nitamtafutia. Basi haya ndiyo niliyoyapata, na nimeona si vizuri niyale peke yangu.

MTOTO WA MTUMISHI WA ASKOFU

Arthur Guinness alizaliwa Ireland mwaka 1725 au karibu na hapo, sehemu inayoitwa Celbridge katika jimbo la Kildare. Kumbuka wakati huo Ireland ilikuwa chini ya Waingereza. Hakutoka kwenye familia ya kifalme. Baba yake, Richard, alikuwa msimamizi wa mashamba na nyumba ya kiongozi mkubwa wa kanisa la Kiprotestanti, Dr Arthur Price, ambaye baadaye akawa Askofu Mkuu wa Cashel. Hata jina la Arthur inasemekana mtoto alipewa kwa heshima ya huyo bosi. Inasimuliwa pia kwamba baba mtu ndiye aliyekuwa anapika bia ya watumishi pale nyumbani, na kwamba kijana alijifunzia hapo.

Mwaka 1752 askofu akafariki. Kwenye wosia wake akawakumbuka wale watumishi wawili, baba na mwana, kila mmoja pauni 100. Kwa wakati ule hizo zilikuwa pesa za maana, mtu wa kawaida angehitaji miaka kuzipata. Sasa hapa ndipo tunapojuana wadau. Kijana wa miaka 27 hivi amepata mafao ya ghafla. Wangapi kati yetu zingemaliza msimu? Si mnajua korosho zikilipwa mjini kwetu panakuwaje? Pikipiki mpya, spika kubwa, ikifika Machi tunakopa unga.

Arthur alikaa nazo kimya. Katikati ya miaka ya 1750 akakodi kiwanda kidogo cha bia katika mji wa Leixlip, akajifunza kazi miaka kadhaa. Kisha akamwachia mdogo wake kile kiwanda na yeye akaingia Dublin, mji mkubwa.

MKATABA WA MIAKA 9000

Wadau, hapa someni taratibu. Tarehe 31 Desemba 1759, wakati wengine wanaukaribisha mwaka mpya, Arthur alitia sahihi mkataba wa kukodi kiwanda kilichoachwa, sehemu inayoitwa St. James's Gate. Hakikuwa kinafanya kazi kwa miaka mingi na eneo lake lilikuwa ekari nne tu. Masharti yalikuwa pauni 100 za kuanzia, halafu pauni 45 kila mwaka. Muda wa mkataba ni miaka 9000. Ndiyo, elfu tisa, sijakosea kuandika. Ukipiga hesabu ungeisha mwaka 10759! Baadaye kampuni ilinunua ardhi yenyewe, kwa hiyo ule mkataba umebaki kumbukumbu tu, lakini kazi ulishaifanya.

Mzee nilipomrudia na habari hii alicheka mpaka akakohoa. Alisema huyo mtu ama alikuwa kichaa ama alikuwa na akili kuliko wote pale mjini.

Mwanzoni Arthur hakupika bia nyeusi. Alipika ile ya kawaida ya Ireland, nyekundu nyekundu. Bia nyeusi ilikuwa inatoka London, na jina lake ni porter. Sasa sikilizeni asili ya hilo jina. Porter kwa Kiingereza ni mpagazi. Toka miaka ya 1720 hivi, wapagazi wa London waliokuwa wanabeba mizigo sokoni na bandarini ndio waliokuwa wanainywa sana, kwa kuwa ilikuwa nzito, inashiba, na bei yake waliiweza. Ikaitwa kwa jina lao. Ile iliyokuwa kali zaidi ikaitwa stout porter, mwisho watu wakafupisha wakasema stout. Kwa hiyo Guinness ukiifuata mpaka shinani ni pombe ya wapagazi.

Mimi hapo nilisimama kidogo nikafikiri. Sisi wa kusini tunalijua neno mpagazi. Njia za misafara kutoka Ziwa Nyasa kwenda Kilwa na Lindi zilipita pande zetu hizi, watu wamebeba pembe za ndovu kichwani na mabegani, wengine wakiwa watumwa. Hakuna bia iliyoitwa kwa jina lao. Wapagazi wa London walipata angalau hilo.

Arthur alipoona porter ya London inaingia Dublin na kuuzwa kwa fujo, tena ikisaidiwa na kodi iliyokuwa inawapendelea wapikaji wa Uingereza, hakukaa kulalamika tu. Alikwenda bungeni Dublin na wenzake kudai ushuru urekebishwe, na mabadiliko makubwa yakaja mwaka 1795. Huku nyuma, toka miaka ya 1770, yeye mwenyewe alishaanza kupika porter. Ilipofika 1799 akaacha kabisa kupika ile bia ya zamani na kubaki na nyeusi peke yake. Alikuwa na miaka zaidi ya 70. Wadau, umri ule wengi tunakuwa tunaota jua kibarazani. Yeye ndiyo kwanza anafunga duka moja na kubakiza lingine.

Mwaka 1801 wapikaji wake waliandika kipimo cha porter ya kusafirishwa mbali kwenda visiwa vya West Indies, wakaiongezea nguvu na yale maua machungu ya hopsi ili isiharibike kwenye meli. Hiyo ndiyo bibi yake Guinness kali inayouzwa Afrika. Kwa hiyo uchungu ule ulionikunja uso Ruangwa sababu yake ya kwanza ilikuwa safari ndefu ya baharini kwenye joto.

SURURU NA MAJI

Kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha maji. Bia karibu yote ni maji, hilo kila mpikaji analijua. Arthur alikuwa anatumia maji ya mfereji wa mji, akiamini kwamba mkataba wake unampa haki hiyo bure. Wakubwa wa jiji la Dublin wakaona anachukua mengi kuliko anavyostahili. Mwaka 1775 wakatuma watu waje kuukata na kuufukia ule mfereji. Arthur akatoka nje, akamnyang'anya mfanyakazi mmoja sururu, akasimama mbele ya mfereji akiwatukana matusi ya nguoni na kuwaambia wajaribu waone. Huyu ni mtu wa kanisa, wadau! Miaka michache baadaye, 1786, alishiriki kuanzisha shule ya Jumapili ya watoto pale Dublin. Lakini siku ile ya maji aliweka dini pembeni.

Wale watu waliondoka. Kesi ikaburuzwa karibu miaka kumi, mwisho wakakubaliana alipie pauni 10 kwa mwaka. Akapata maji yake kihalali na kazi ikaendelea.

Sasa niwaambie kwa nini kisa hiki kilinikaa.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa mpika pombe katika kijiji kimoja kati ya Nachingwea na Ruangwa. Si gongo, hapana. Pombe ya mtama. Analoweka mtama, anaufunika mpaka uchipue, anauanika juani, anautwanga, hicho ndicho kimea. Anapika uji, anauacha upoe, anatia kimea, anasubiri siku zake. Alijua kwa kunusa tu kama imeiva. Jamani, nimesoma jinsi bia ya Dublin inavyopikwa na nimeona ni kazi ileile: nafaka inachipushwa, inakaushwa, inasagwa, inatiwa maji ya moto, inasubiriwa. Wao wana shayiri, yeye alikuwa na mtama. Wao wanaikaanga nafaka hadi iwe nyeusi kwa mashine iliyobuniwa mwaka 1817 na Mwingereza Daniel Wheeler, wakati huo Arthur alishafariki. Bibi hakukaanga. Tofauti nyingine sikuiona.

Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye ile mitungi. Kalamu, sare, nauli, vyote.

Siku moja, nikiwa kidato cha pili, walikuja watu wakamwuliza leseni. Hakuwa nayo. Hakujua inatolewa wapi wala inagharimu kiasi gani, na hakukuwa na mtu aliyewahi kumwambia. Wakamwaga mitungi yote nje ya nyumba. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Bibi hakushika sururu wala hakutukana. Alichukua ufagio akaanza kufagia ule uji uelekee kwenye mtaro ili kuku wasilewe. Muhula ule nilichelewa kurudi shule wiki tatu.

Kwa miaka mingi nilidhani bibi alinyamaza kwa woga. Baada ya kusoma habari za Arthur nimeelewa vingine. Arthur aliweza kusimama na sururu kwa sababu ndani ya nyumba kulikuwa na karatasi yenye sahihi yake. Hata kama alikosea kuisoma ile karatasi, ilikuwepo, na jiji likalazimika kwenda naye mahakamani kwa miaka. Bibi hakuwa na karatasi. Ufundi alikuwa nao, maji alichota mwenyewe mtoni, wateja walikuwepo. Kilichokosekana ni karatasi.

KARATASI PEKE YAKE NAYO HAITOSHI

Lakini ngoja, asije mtu akasema basi tatizo letu ni karatasi tu. Nachingwea tunalo somo la upande wa pili. Mwaka 1947 Waingereza walileta mradi wao mkubwa wa karanga Tanganyika: Kongwa, Urambo, na kwetu Nachingwea. Karatasi walikuwa nazo tele. Matrekta, wataalamu, reli ya kutoka Mtwara, bandari mpya. Yule mzee wa Ruangwa aliniambia baba yake alikuwa kibarua wa kung'oa visiki kwenye mradi huo. Walianza kwa pupa kabla ya kuijua ardhi na mvua zake. Mwanzoni mwa 1951 wakautupa, na pauni milioni 36 hivi za walipa kodi wa Uingereza zikaandikwa hasara. Reli yenyewe iling'olewa miaka ya 1960.

Arthur alianza na pauni 100 za urithi kwenye kiwanda kibovu, akajifunza kwanza mahali padogo, akasubiri karibu miaka 20 kabla hajagusa porter. Wale wa karanga walianza na mamilioni na hawakusubiri chochote. Mmoja bado jina lake liko kwenye chupa Ruangwa. Wa pili wametuachia magofu na majina ya mashamba.

ALIPONIUDHI

Nisimpambe sana lakini. Mwaka 1798 Waairishi waliasi utawala wa Waingereza. Arthur alikuwa mtu wa kutetea Wakatoliki wapewe haki zao, ingawa yeye hakuwa Mkatoliki, na hilo nampa. Ila vita vilipofika alisimama kinyume na wapiganaji. Alikuwa upande wa serikali.

Mimi ni mtu wa Nachingwea. Kwetu ndipo wapiganaji wa FRELIMO walipofanyia mazoezi chini ya Samora Machel, mpaka Msumbiji ikapata uhuru wake tarehe 25 Juni 1975. Wazee wetu waligawana nao chakula. Kwa hiyo mtu anayesema anataka haki lakini hataki mapambano, mimi ananipa shida. Labda tajiri mwenye kiwanda, wafanyakazi na mke na watoto kumi hawezi kufikiri kama kijana wa porini. Labda hakupenda damu. Hilo nawaachia nyie mjadili, najua wapo watakaomtetea.

Na hao watoto ni habari nyingine. Alimwoa Olivia Whitmore mwaka 1761, wakajaliwa watoto 21. Waliofika utu uzima ni 10 tu. Mama Olivia historia inampitia haraka haraka, lakini kuzika watoto 11 si jambo la kupita haraka. Utajiri ulikuwepo, dawa hazikuwepo.

Arthur alifariki tarehe 23 Januari 1803, akazikwa Oughterard, huko huko Kildare. Mwanawe, naye Arthur, akashika usukani. Kufika miaka ya 1880 kile kiwanda cha ekari nne kilikuwa kikubwa kuliko viwanda vyote vya bia duniani. Mwaka 1962 wakafungua kiwanda Nigeria. Ile sahihi ya mkataba wa 1759, au mfano wake, ikaendelea kusafiri kwenye chupa mpaka ikafika mezani kwetu Ruangwa.

NILIVYOMJIBU MZEE

Wiki mbili baadaye nilirudi Ruangwa, nikamkuta mzee palepale. Nikamsimulia yote haya, kuanzia askofu mpaka sururu. Alisikiliza bila kunikatiza. Mwisho akaniuliza swali moja tu: kama bibi yako angepewa ile karatasi, leo tungekuwa tunakunywa nini hapa?

Wadau, sina jibu. Bibi alishatangulia mbele ya haki, Mungu amlaze pema. Ufundi wake kaondoka nao, maana mama zangu waliona ile siku ya mitungi na hakuna aliyetaka kurithi. Kila msimu wa korosho mabibo yanaoza chini ya miti kuanzia Nachingwea mpaka Ruangwa, tunauza mbegu na tunda tunawaachia nzi. Anayejaribu kulitengeneza anajificha kama mwizi. Hapo sitetei gongo, imeua na imepofusha watu, na sheria iliyoikataza toka 1966 ina sababu zake. Naongelea juisi, naongelea mvinyo mwepesi, naongelea pombe ya mtama iliyopikwa kwa usafi na mama mwenye leseni ukutani, anayelipa kodi na hakimbii mtu.

Mwenye kujua leseni hizo zinapatikanaje wilayani, ofisi gani, fomu gani, tafadhali aandike hapo chini kwenye maoni. Wako dada zetu wanasoma hapa cafe na nyumbani mama anapika. Wachapishe wampelekee. Matusi nitayafuta kama kawaida, na wale wa kuniambia nimeanza ulevi, ilikuwa chupa moja tu, na nyingine moja siku ya kumjibu mzee.

Tuko pamoja.